Mhadhiri anasema "mgeukie jirani yako": je, huko ndiko kufundisha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mwanza, kwetu ni Ukerewe. Mhadhiri wetu wa takwimu hafundishi kama wenzake. Anatuma video kwenye kundi la WhatsApp, nyingine za dakika 40, bando linaisha hapo hapo. Ukumbini tupo zaidi ya 200. Anaandika swali, tunachagua jibu kwa kunyoosha mikono, kisha anasema tujadiliane na jirani. Kuna siku kipindi kinaisha na jibu hatujapewa. Muhula uliopita nilipata sapu (mtihani wa marudio), na Kiingereza kinanipa shida, naogopa kuongea. Mama anauza dagaa ili nisome. Naona kama tunaibiwa.
Binti wa Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana hapo kwenye dagaa za mama pamenigusa. Nimefundisha takwimu miaka 26, na mingi kati ya hiyo nilifundisha kama unavyotaka wewe: naingia, najaza ubao, wananakili, natoka. Nikisahihisha mitihani, roho inaniuma.

Siku moja niliwapa swali la mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Watu kumi wamegawana mapato ya usiku: wavuvi tisa wamepata shilingi 10,000 kila mmoja, tajiri mwenye mitumbwi 310,000. Wastani? Wote wakapata 40,000. Nikauliza: je, namba hiyo inatuambia mvuvi wa hapo anapata nini? Karibu ukumbi mzima ukanyoosha mkono kukubali. Nikawaacha dakika tatu wazungumze wawili wawili, kwa lugha yoyote. Kule nyuma, kijana mmoja aliyekulia kambi ya wavuvi akapaza sauti: "Elfu arobaini ya nani? Mbona hapo hakuna hata mmoja aliyeishika!" Nilipouliza tena, mikono ilikuwa ya kuhesabika. Jambo hilo nilikuwa nimelieleza kwa Kiingereza kilichonyooka miaka yote, wasinielewe. Yeye walimwelewa.

Njia hiyo ina mwenyewe. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, Marekani, aliianza mwaka 1991 baada ya kugundua kuwa wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini swali dogo la kufikiri linawashinda. Mwaka 2014 watafiti walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, wakaona kuwa waliofundishwa kwa mhadhara wa kusikiliza tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya walioshughulishwa darasani. Na hili linakuhusu wewe hasa: mwaka 2019, Harvard hiyo hiyo, wanafunzi wa fizikia walioshughulishwa walipata alama za juu kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara tu, ila wenyewe walijiona wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mtu huuona kama hajafundishwa.

Lakini kuna mahali una haki, na usinyamaze. Kwa Mazur, mwanafunzi huchagua jibu peke yake, hujadiliana, huchagua tena, kisha mwalimu hueleza. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo mnayonyimwa. Mhadhiri akiondoka bila kuifanya, ameacha kazi yake katikati. Muombeni apunguze maswali, hata yawe mawili, mradi kila moja lifike mwisho. Na hizo video azigawe vipande vifupi, aziweke pia kwenye kompyuta ya maktaba mchukue kwa flashi. Mtoto wa muuza dagaa asilipe ada mara ya pili kupitia bando.

Kiingereza kisikutishe. Na jirani yako jadili kwa Kiswahili, au Kikerewe ukimpata wa kwenu. Mkishaelewana, andika jibu kwa sentensi moja ya Kiingereza daftarini, kwa sababu mtihani hautakuuliza kwa Kiswahili.

Kuhusu sapu, mwone kiongozi wa darasa, muende pamoja kwa mkuu wa idara. Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City kilianza mwaka 1973 mpango wa kuyalenga masomo yanayofelisha wengi, badala ya kuwanyooshea kidole waliofeli. Mwanafunzi aliyefaulu vizuri somo hilo anarudi kukaa darasani, kisha kila wiki anaongoza mazoezi kwa yeyote anayetaka. Anayekuja haulizwi alama zake, kwa hiyo haoni aibu. Nimelipenda hilo kuliko yote. Nyie mnahitaji chumba chenye meza zinazosogezwa, saa kumi na moja jioni, na mtu wa mwaka wa pili aliyepata A.

Muombe mama akuandikie bei ya ndoo ya dagaa kila siku kwa wiki mbili. Ukizipata, zipeleke kwenye mazoezi hayo, muanze nazo.