Irish Heartbeat: Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji wanne wametuandikia kuhusu Irish Heartbeat, albamu ambayo mwimbaji Van Morrison wa Belfast aliirekodi pamoja na The Chieftains, kundi la muziki wa jadi wa Ayalandi kutoka Dublin, na ambayo ilitoka mwaka 1988.

Je, ni halali kuiita albamu ya nyimbo za jadi ilhali baadhi ya nyimbo zina watunzi wanaojulikana?

Ni halali, ingawa msomaji ameona jambo la kweli. Kati ya nyimbo 10, mbili ni za Morrison mwenyewe, naye alikuwa amekwisha kuzirekodi: Celtic Ray mwaka 1982, na ule ulioipa albamu jina mwaka 1983. Raglan Road nao ni shairi la Patrick Kavanagh, lililochapishwa mwaka 1946, ambalo huimbwa kwa lahani ya kale. Na Marie's Wedding asili yake ni Uskoti, wala si Ayalandi. Hata hivyo, wapenzi wa taarabu, waliozoea kusikia lahani za Misri na za filamu za Kihindi zikivishwa mashairi ya Kiswahili, hawatashangaa kwamba wimbo unaweza kuwa na mtunzi na bado ukaingia katika jadi, mradi watu wameupokea na kuuimba kama wimbo wao.

Ni ala gani inayolia kama zumari lakini haikatiki pumzi?

Ni zumari ya mfuko ya Kiayalandi, iitwayo uilleann pipes, na mpigaji ni Paddy Moloney, aliyeanzisha The Chieftains mwaka 1962. Ile ya Uskoti inayojulikana zaidi hujazwa upepo kwa mdomo, lakini hii hujazwa kwa mvukuto mdogo unaobanwa kwa mkono, na neno uilleann lenyewe linahusu kiwiko. Mpigaji hukaa kitako, na kwa kuwa mdomo wake hauna kazi, anaweza hata kuzungumza huku akipiga. Sauti yake ni ya chini kuliko ya ndugu yake wa Uskoti, inafaa chumbani, ndiyo maana huweza kukaa nyuma ya mwimbaji bila kummeza. Ngoma iliyo chini yake ni bodhrán, ambayo kwa umbo inakaribia dufu letu, ila mara nyingi hupigwa kwa kijiti.

Tá Mo Chleamhnas Déanta ina maana gani?

Ni Kiayalandi: posa yangu imekwisha kukubaliwa. Anayeshirikiana na Morrison kuuimba ni Kevin Conneff, mpiga bodhrán wa kundi.

Rafiki yangu anadai kwamba Morrison ananguruma na kuziharibu nyimbo laini. Mnaonaje?

Siafikiani naye. Morrison alilelewa na bluzi na soul, mitindo ya muziki ya Wamarekani Weusi, hivyo hulikata neno, hulirudia, hulichelewesha nyuma ya mapigo. Lakini My Lagan Love una jina la mto unaopita mjini kwao, na I'll Tell Me Ma ni wimbo wa watoto wa mitaa ya Belfast, kwa hiyo haimbi kama mgeni. The Chieftains nao hawakumfuata katika bluzi, na mvutano huo ndio unaonipendeza. Anayetaka sauti laini zaidi asikilize The Long Black Veil ya mwaka 1995, ambamo kundi hilo liliwaalika waimbaji wengi, akiwemo Sinéad O'Connor. Ila rafiki yako aonywe kwamba Morrison yumo humo pia.