Nyongeza za gari mpya: tulipie gani, tuache gani?

SWALI: Habari zenu. Mimi na mzee wangu tunanunua gari mpya kabisa ya shorumu, na loni ya benki. Jamaa wa mauzo ametupa karatasi ya nyongeza: ESC, eabegi za pembeni, kamera ya nyuma, rimu kubwa, sanrufu, viti vya ngozi, sampu gadi, dawa ya kutu, traka. Mzee anataka rimu na sanrufu, mimi hata nusu sielewi. Tunakaa Syokimau, watoto wawili, na mara nyingi wikendi tuko Machakos kwa susu yao, yaani nyanya yao. - Mama Wawili

JIBU: Mama, pesa ya shorumu iende kwanza kwa vitu ambavyo hakuna fundi wa Kirinyaga Road atakuwekea baadaye.

ESC, ile mitambo ya kuzuia gari kuteleza, ndiyo ya kwanza, hiyo msibishane. Gari ikianza kuteleza kwa kona, ama ukikwepa ng'ombe ghafla, inashika breki ya tairi moja moja yenyewe mpaka gari irudi pale usukani umeelekeza, na inafanya hivyo kabla hujashtuka. Ulaya ni lazima kwa kila gari mpya tangu 2014, kwa hivyo kuiona hapa kwetu imeandikwa kama anasa inaniuma sana, mvua ya Mombasa Road inatelezesha vilevile. Eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofura gari ikigongwa ubavuni, nazo zimekunjwa ndani ya kiti na dari tangu kiwandani, ukiziacha leo umeziacha.

Kamera ya nyuma chukua, una watoto. Marekani waliifanya lazima Mei 2018, na sababu kubwa ilikuwa watoto wadogo kugongwa gari ikirudi nyuma pale pale nyumbani. Ya kuwekewa nje ya shorumu ni bei rahisi ndio, lakini fundi akikata waya za gari mpya unaweza kunyimwa waranti.

Sasa rimu. Mwambie mzee polepole: rimu ikiwa kubwa, tairi inabaki nyembamba pembeni, na ukiingia shimo usiku rimu inapinda ama tairi inafura kama nundu. Afadhali hiyo pesa muulizie spea ya saizi kamili, maana gari nyingi mpya zinakuja na ile kaspea kembamba imeandikwa 80 km/h, na nyingine hazina spea kabisa, ni dawa ya kuziba pancha na pampu tu.

Sanrufu, lile dirisha la kwa dari, ina mifereji midogo ya maji, vumbi likiziba maji yanashukia ndani. Mimi ningeiacha. Viti vya ngozi mtashonewa kava mkipata pesa. Dawa ya kutu ni ya mtu wa Mombasa, karibu na chumvi ya bahari. Sampu gadi, lile bamba la kukinga injini kwa chini, ndio, kwa hizi bampu zetu zisizo na alama. Traka, ya kutafuta gari ikiibiwa, ulizeni insuarensi kwanza, wengine wana kampuni yao wanayoitaka.

Halafu kitu hakiko kwa karatasi: chora namba ya gari kwa saidi mira na vioo kabla haijaingia jam ya tao, wezi wa saidi mira wasiitamani.

Na mkumbuke kila nyongeza inaingia kwa loni, inalipiwa riba, na insuarensi ya komprehensivu inahesabiwa kwa thamani ya gari. Kabla ya dipositi itisheni karatasi inayoonyesha ni gani ya kiwandani na ni gani inawekwa hapa Nairobi, juu hizo za hapa ndizo mnaweza kupigania bei, na mati za chini itisheni bure.