Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Bure Hulipiwa na Nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa asasi ya kiraia ambayo kwa miaka 11 imekuwa ikiyasaidia matamasha manne ya mitaani yasiyo na kiingilio. Sisi hukata bima, hufuatilia vibali na kukodi jukwaa na vipaza sauti, nazo kamati za mitaa hutafuta wasanii na watu wa kujitolea. Mwaka huu mdhamini wetu mkubwa amejitoa, na gharama za kukodi vifaa zimepanda. Nusu ya bodi inataka tutoze kiingilio kidogo. Nusu nyingine inasema ni afadhali tufunge virago kuliko kuvunja ahadi. Tufuate upande upi?

JIBU: Ningewasihi muahirishe kura hiyo hadi mweka hazina atakapowawekea mezani karatasi moja inayoonyesha gharama kamili ya kila tamasha, zikiwemo zile ambazo hamkuzilipa kwa sababu mtu alizibeba kwa hisani yake. Niliwahi kutunza hesabu za kamati ya namna hiyo, na katika bajeti yetu mstari wa ulinzi uliachwa wazi mwaka hadi mwaka kwa kuwa vijana wa klabu moja ya michezo walikuwa wakisimama langoni bila malipo. Mwaka ambao klabu ilisafiri kwenda mashindanoni tulilazimika kukodi walinzi siku tatu kabla ya onyesho, na fedha zikatoka katika fungu la wanamuziki. Deni hilo lilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa ameliandika.

Kuhusu kiingilio, naegemea upande wa wanaokikataa, ingawa si kwa sababu ya ahadi peke yake. Lango linalotoza fedha linahitaji uzio, wakatisha tiketi, mtu wa kusindikiza makusanyo usiku, na mara nyingi kibali cha aina nyingine pamoja na kodi. Mwanamuziki aliyekubali nusu ya malipo yake kwa kuwa onyesho ni la bure ana haki ya kudai nusu iliyobaki akiona tiketi zinauzwa, na msichana aliyejitolea kuokota taka tangu alfajiri atauliza, kwa haki vilevile, fedha zinakwenda kwa nani. Wenye vibanda nao watauza kidogo, maana mzazi wa watoto wanne akishalipia watu watano langoni huingia na mfuko mwepesi. Toeni hayo yote katika makadirio ya kiingilio ndipo mwone kinachosalia. Si ajabu kisitoshe hata kulipia uzio wenyewe.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1959 Robert Moses, aliyekuwa kamishna wa bustani za jiji la New York, alimtaka Joseph Papp, mwandaaji wa michezo ya kuigiza, awatoze watazamaji wa maonyesho yake ndani ya Central Park, bustani kubwa ya jiji hilo, kwa hoja kwamba miguu ya watu inaharibu nyasi na lazima mtu azilipie. Papp alikataa, akaenda mahakamani, akashinda katika rufaa, na maonyesho hayo yameendelea kuwa ya bure, katika ukumbi wa wazi uliofunguliwa 1962. Kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba kuhusu nyasi Moses hakuwa akiota. Umati hukanyaga, na nyasi zina gharama zake. Kilichobishaniwa ni nani apelekewe ankara.

Jibu mojawapo liko New Orleans, Marekani, ambako taasisi isiyotafuta faida iitwayo French Quarter Festivals huandaa tamasha la bure lililoanza 1984, na hulibeba kwa udhamini pamoja na mauzo ya vinywaji na bidhaa uwanjani. Kwa hiyo anayekunywa humlipia asiyekunywa, mpango mzuri maadamu asasi yenyewe ndiyo yenye haki ya kuuza, au ina asilimia iliyoandikwa katika mkataba wa kila kibanda. Udhaifu wake ni kwamba hufa siku watu wasipokusanyika: tamasha hilo halikufanyika 2020 wala 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, likarejea 2022. Niongeze, ili wajumbe wa upande wa pili wasidhani nawaficha jambo, kwamba taasisi hiyohiyo imewahi kutoza kiingilio kidogo katika tamasha lake jingine, lile la kumuenzi mwanamuziki wa jazi Louis Armstrong.

Ushauri wangu, basi, ni kupunguza kabla ya kutoza. Matamasha yenu manne yakipangwa katika wikendi zinazofuatana, jukwaa litakodiwa mara moja na mafundi walewale watahama nalo kutoka mtaa hadi mtaa. Siku mbili zinaweza kuwa moja. Msanii mashuhuri wa kufunga usiku anaweza kuachwa, na watu watanung'unika kisha watacheza. Msiguse huduma ya kwanza, vyoo, taa za njia za kutokea na bima, kwa sababu ajali moja itafunga matamasha yote manne kwa pamoja. Halafu wekeni tarehe ya kukata shauri, nayo itangulie malipo ya kwanza yasiyorudishwa. Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo lenyewe hutoza kiingilio, liliahirisha toleo zima la 2016 kwa kukosa fedha, likarudi jukwaani Februari 2017. Kupumzika mwaka mmoja kwa taarifa ya mapema hakuui tamasha. Linaloumiza ni kuwafutia watu wiki moja kabla, amana ya jukwaa ikiwa imeshaliwa na wasanii wameshalipa nauli.

SWALI: Kampuni moja iko tayari kuziba pengo lote la bajeti yetu, ila inataka tamasha lichukue jina lake, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Tukubali?

JIBU: Jukwaa lipewe jina la kampuni, tamasha libaki na jina lake. Kampuni ikiondoka mwakani mtajikuta na tamasha linalojulikana kwa jina la aliyeondoka, nanyi mtamtafuta mfadhili mpya huku mkimtangaza wa zamani. Ombeni miaka mitatu, hata kwa kiasi kidogo zaidi kila mwaka, pamoja na sharti la taarifa ya miezi sita kabla ya kujitoa.

SWALI: Mimi ni mhudhuriaji tu. Tunaalikwa kwenye tamasha la bure, kisha katikati ya burudani tunatembezewa ndoo ya michango. Je, huko si kututoza kwa mlango wa nyuma?

JIBU: Si kutoza, kwa sababu ukiipisha ndoo hakuna atakayekutoa uwanjani. Hata hivyo lalamiko lako lina msingi pale ndoo inapoletwa bila maelezo. Mshereheshaji anapaswa kusema waziwazi usiku huo unagharimu kiasi gani na ni sehemu gani bado haijalipiwa; watu huchangia jenereta wanayoisikia ikinguruma kwa moyo mweupe kuliko wanavyochangia kile kiitwacho maandalizi. Ndoo ishikwe na mtu anayefahamika mtaani, na ipite kabla ya kundi la mwisho kupanda jukwaani, si wakati watu wanatafuta viatu vya watoto gizani. Wewe nawe unayo haki ya kuuliza ilikusanya nini. Kamati makini huzihesabu fedha usiku uleule, watu wawili wasio ndugu wakitia saini karatasi moja, na asubuhi yake kiasi kilichopatikana hubandikwa palepale lilipokuwa limebandikwa tangazo la tamasha.