Waacheni wabishane

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kijana anayejitolea kukaa na mwenzake mwenye mahitaji maalumu afanye nini ili awe rafiki yake kweli, asiwe mfadhili mdogo? Mimi ni mama wa binti wa miaka 15 mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza na kuongea; anasoma kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi hapa Tanga. Jibu langu ni kwamba wachezeshwe mchezo ambao kila mmoja anaweza kushinda au kushindwa.

Vikundi vya vijana vinavyotembelea kitengo chetu nimeviona vingi. Huja na juisi, biskuti na sabuni, wanaimba, wanapiga picha, wanaaga. Siwabezi, sabuni tunaihitaji na watoto hufurahi sana. Ila binti yangu siku hiyo hushinda amekaa kwenye benchi anapokea, na mtu wa kupokea tu hapewi nafasi ya kuwa rafiki wa yeyote.

Mwaka jana wakaja wasichana wa kidato cha pili. Mmoja akauliza nani anajua rede. Binti yangu anaijua vizuri, dada zake walimfundisha uani. Akaingia kati, akawa anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira, mpaka ukamgonga begani. Akakataa katakata: "Haujanigusa!" Mrushaji naye akashikilia, umekugusa, toka. Mwalimu alikuwa anasogea, nadhani awaambie wamwachie tu, lakini hakuwahi, na namshukuru Mungu. Binti yangu alitoka amenuna, akangoja zamu yake, akarudi kucheza. Sikuwahi kumwona mtu wa rika lake, asiye ndugu yake, akibishana naye vile, kama anavyobishana na msichana mwingine yeyote. Leo hao wawili wanasukana nywele barazani kwangu.

Special Olympics, shirika lililoasisiwa Marekani na Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968 na ambalo lina programu Tanzania na Kenya, wameliwekea jambo hili kanuni. Katika michezo yao ya timu mchanganyiko, vijana wenye ulemavu wa akili na wasio nao huvaa jezi moja. Kwenye soka la watu watano, watatu kati ya walioko uwanjani ni wenye ulemavu na wawili ni wenzao. Hupangwa kwa umri na uwezo unaokaribiana, na asiye na ulemavu haruhusiwi kuhodhi mchezo. Shule yoyote inaweza kuiga hilo hata kwa mpira wa makaratasi.

Vijana, mkija kwetu, msiongee na binti wa miaka 15 kama mnabembeleza mtoto wa chekechea. Wenye Down syndrome wengi huelewa zaidi ya wanavyoweza kutamka, na wengi wana shida ya kusikia. Simama mbele yake, muulize, kisha subiri. Ukinigeukia mimi na kuuliza "anataka nini?", umeshamruka.

Najua wazazi wenzangu wanaogopa, hasa sisi wenye mabinti, kwa sababu mabinti zetu ndio wanaorubuniwa kwa urahisi. Hofu hiyo ninayo hadi leo. Kwa hiyo wanacheza shuleni mwalimu akiwepo, au nyumbani nikiwepo. Na walimu wakuu wa sekondari, tafadhali leteni sura zilezile kila wiki. Wageni wapya kila mara wanamchosha, anaanza upya kujifunza majina.

Mialiko nayo iende pande zote mbili. Idi iliyopita binti yangu alialikwa kwao mmoja wa hao wasichana, akapeleka visheti alivyoviviringisha mwenyewe. Basi nawe mzazi ambaye mwanao anajitolea, mruhusu amkaribishe mwenzake nyumbani kwako, ale sahani moja na wanao.