Mama anataka kamera, simu imemshinda: nimchukulie ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mama yangu ana miaka 71. Simu ya kugusa imemshinda. Akitaka kupiga picha anajikuta amempigia mtu. Anataka kamera ndogo ya kutia mkobani awapige wajukuu. Mikono yake inatetemeka kidogo. Nimeona mbili: moja ina megapikseli 48 na zumu mara 16, na bei yake ni rahisi. Nyingine ina megapikseli 16 na zumu mara 5, lakini ni ghali zaidi. Si bora nichukue hiyo ya 48?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hapana, hiyo ya 48 iache dukani, na sababu utaiona kwa macho kabla hujapiga hata picha moja. Mwombe muuzaji aiwashe. Kama lenzi imetulia tu, hakuna kilichotokeza, basi hiyo zumu mara 16 ni ya kidijitali: kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukipanua. Kazi hiyo hata kompyuta inaifanya, tena baadaye, ukiwa umekaa. Zumu ya kweli ni ya vioo vinavyosogea ndani ya lenzi.

Kisha soma maandishi kwenye ukingo wa lenzi. Canon IXUS 285 HS, kwa mfano, imeandikwa 4.5–54.0 mm. Gawanya 54 kwa 4.5, unapata 12, na hiyo ndiyo zumu yake. Ukikuta namba moja ya milimita peke yake, zumu ya vioo haipo, hata boksi liseme nini. (Zipo kamera za kuingia majini ambazo lenzi husogea kwa ndani bila kutokeza, ila nazo huandika namba mbili.)

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, hesabu ni fupi. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka megapikseli 2 na kidogo. Karatasi nzima ya A4 inataka kama 9. Kwa hiyo 16 zinamtosha mama na chenji inabaki. Kamera nyingi za bei ya chini zenye namba kubwa hazina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya kiwango hicho. Programu ndiyo inayobuni nukta za kujazia. Angalia na flashi pia. Nyingi ya hizo zina taa ndogo tu ya LED kama ya tochi. Sebuleni jioni mwanga wake haufiki mbali, na mjukuu anayekimbia atatoka kama moshi. Flashi halisi ya kamera hupiga mara moja, kwa kasi, na mtoto anaganda pale alipo.

Hiyo ya pili nadhani ni Kodak PIXPRO FZ55, maana namba zinalingana. Jina la Kodak liko pale kwa leseni, anayeitengeneza ni kampuni ya JK Imaging, lakini kwa mahitaji ya mama ni kamera ya haki.

Sasa tuje kwenye mikono, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu akiwa na mikono inayotetemeka, usimtafutie zumu kubwa. Ile IXUS niliyoitaja uwazi wa lenzi yake ni f/3.6 ukiwa hujavuta, na f/7.0 ukivuta hadi mwisho (namba ikikua, uwazi unapungua): mwanga unaoingia umepungua karibu mara nne. Kamera inafidia kwa kuacha lenzi wazi muda mrefu zaidi, na muda huohuo kila mtetemo wa mkono unakuzwa pamoja na picha. Zumu mara 4 au 5 inamtosha. Akitaka karibu zaidi, asogee. Na umfundishe kubonyeza kitufe nusu kwanza, asubiri kisanduku cha kijani kwenye kioo, ndipo amalizie taratibu. Wengi hukidunga kama kengele ya mlango, kamera inainama, halafu lawama zinaiendea kamera.

Mpe aishike mwenyewe kabla hujalipa. Kamera nyembamba sana inapendeza kabatini lakini vidole vinakosa pa kukaa. Tazama kama anaweza kukiona kitufe cha kuwashia na kukitofautisha na cha kupigia. Kwenye kamera nyingine viko jirani mno, na kila akitaka picha anaizima.

Betri: FZ55 ina betri yake maalumu ya kuchaji. Ndugu yake, FZ45, inatumia betri mbili za AA. Kama mama hukumbuka kuchaji, chukua ya kwanza na umwongezee betri ya akiba. Kama kamera italala droo miezi mitatu kisha itakiwe ghafla siku ya sherehe, AA zitakuokoa. Kadi ya GB 32 ni nyingi kwake. Picha moja ya megapikseli 16 huwa kama MB 5, hesabu mwenyewe. Hakikisha tu ni kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida. Canon walipoirudisha ile IXUS mwaka 2025 waliiwekea microSD, na sioni vidole vya mama yako vikihangaika na kitu cha ukubwa wa ukucha.

Ukishawishika na kamera ya mtumba, uliza kadi kwanza. Olympus na Fujifilm za zamani nyingi zilikuwa na xD, Sony zikawa na Memory Stick, na utazitafuta kadi hizo mpaka uchoke.

Kabla hujamkabidhi, weka tarehe na saa sahihi, iache kwenye hali ya otomatiki, na jaribu picha kumi wewe mwenyewe. Halafu funga kamba ya mkononi, usiiache kwenye boksi. Ununue na kipochi. Kamera ndogo zinazofika mezani kwangu nyingi zina ugonjwa mmoja: lenzi imekwama. Ama mchanga umeingia kwenye mrija wake, ama kamera ilijiwasha ndani ya mkoba, lenzi ikasukuma miwani na funguo hadi gia zikaruka meno.