Nguvu 15 ni mtu wa namna gani?

Ndugu, umeuliza alama ya Nguvu 15 kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons ni mtu wa namna gani hapa kwetu Dodoma. Nenda sokoni Kibaigwa ukawaone makuli. Toleo la 5 la mchezo huo linazidisha alama ya Nguvu kwa ratili 15, kwa hiyo huyo anabeba ratili 225, kama kilo 102: gunia la mahindi la kilo 100! Ukirusha dadu tatu kupata alama ya mhusika, 15 au zaidi hutoka mara 20 kati ya 216. Ila kuli hakupewa namba siku moja. Ni miaka ya kazi, na ufundi mkubwa wa kulipokea gunia begani. Ufundi huo alama moja haiuonyeshi kabisa. Alama nyingine kama Akili na Hekima hazina kipimo cha wazi hivyo, ndiyo maana mgeni wa mchezo namwanzishia Nguvu.