Uchawi wa hofu na kete ya kujiokoa: tunavyocheza sisi Mwanza

Mkuu, umeuliza kama ni halali, kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kubadili kanuni ya uchawi wa hofu, maana mchezaji wako akishindwa kete ya kujiokoa (ile ya pande 20 anayorusha ili uchawi usimpate) anabaki kukimbia tu wakati wenzake wanapigana. Ni halali, na nakushauri ubadili. Ila usiiondoe hofu yenyewe. Kinachoua mchezo ni mtu kukaa mezani zamu baada ya zamu hana la kuamua.

Chukua Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014. Uchawi huu wa ngazi ya 3 unafunika futi 30 mbele ya mchawi. Ukishindwa unaangusha ulichoshika na kila zamu unakimbia, hadi dakika moja, yaani raundi 10. Unarusha tena pale tu unapomaliza zamu mahali ambapo humwoni mchawi. Mpiganaji mwenye Busara +1 (anaongeza 1 kwenye kete) akikabili kiwango cha 15, yaani jumla anayotakiwa kufikisha, anahitaji kete ya 14 kwenda juu: nafasi 7 kati ya 20. Yaani mwenye upanga, aliyekuja kupigana, ndiye anayetolewa kirahisi.

Sisi Kirumba tunacheza kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayoendelea, ya ziwani, visiwa na mitumbwi. Sasa mtu aliye ndani ya mtumbwi, kati ya Mwanza na Ukerewe, atakimbilia wapi? Kanuni inataka afuate njia iliyo salama zaidi, na kama hakuna pa kwenda halazimiki. Kwa hiyo simtupi mtu majini. Lakini kafi alilolishika linaanguka, linaelea linaondoka, na upepo unaanza kuwasukuma kwenye mawe. Hapo hofu inauma kuliko kukimbia, na kila aliye chomboni ana kazi.

Tulichobadili ni hiki. Ukikosa kiwango kwa chini ya 5, huangushi kitu wala hukimbii. Ila humsogelei anayekutisha, na ukishambulia huku unamwona unarusha kete mbili unachukua ndogo. Ukikosa kwa 5 au zaidi, hofu kamili. Kwa mpiganaji yule, kati ya 20, mara 7 anapona, 4 anatetemeka, 9 anakimbia. Mwisho wa kila zamu anarusha tena, amwone mchawi asimwone. Mwenzake akitumia tendo lake kumshika na kumwita jina, anarusha mbili anachukua kubwa. Hili la mwenzake ndilo nalipenda kuliko yote, maana watu wanaanza kuangaliana mezani.

Usilegeze zaidi ya hapo. Paladini, yaani shujaa wa kiapo, akifika ngazi ya 10 anawakinga na hofu walio karibu naye. Hofu ikiwa nyepesi mno umemnyang'anya haki yake. Na kanuni iwe moja kwa wachezaji na kwa maadui, kwa hiyo kaa kwanza na mchezaji mwenye mhusika mchawi, kabla hamjaanza, umweleze uchawi wake utapungua makali. Asipokubali, mruhusu abadilishe uchawi huo achukue mwingine bure.